Je, Dhoruba ya Theluji Yastahili Makala ya Peke Yake?

Mji wa Buffalo, ulio kwenye ncha ya mashariki ya Ziwa Erie nchini Marekani, hupata wastani wa sentimita 240 hivi za theluji kila mwaka. Basi mtu akisikia kwamba tarehe 12 na 13 Oktoba 2006 zilianguka mjini humo sentimita 57 tu, ana haki ya kuuliza: je, tukio hilo lastahili makala ya peke yake katika ensaiklopidia, au latosha kutajwa kwa mstari mmoja chini ya jina la mji?

Hoja ya wanaokataa si dhaifu. Ensaiklopidia si gazeti, wala haiwezi kuandika kila siku ambayo watu walishindwa kufika kazini. Tena, mnamo Novemba 2014 baadhi ya vitongoji vya eneo hilo hilo vilifukiwa na theluji ya zaidi ya sentimita 150. Kama kipimo ni rula peke yake, dhoruba ya 2006 imekwisha shindwa.

Lakini rula haioni majani. Katikati ya Oktoba miti ya Buffalo ilikuwa bado haijapukutisha, na maji ya ziwa yalikuwa bado na joto la nyuzi zaidi ya 15 za Sentigredi. Upepo wa baridi uliopita juu ya maji hayo kwa urefu wa ziwa ulijaa mvuke, hewa ya chini ikapata joto na kupanda kwa nguvu, na mawingu yakamwaga mzigo wake juu ya mji. Kwa kuwa hewa ilikuwa karibu na kiwango cha kuganda, theluji ile haikuwa kavu na nyepesi kama ya Januari, bali mbichi, nzito na yenye kunata. Katika Januari tawi tupu huacha theluji ipite. Oktoba ile kila jani liligeuka sahani. Matawi yalikatika usiku kucha, yakaangukia nyaya, na zaidi ya nyumba na maduka 300,000 yakakosa umeme, mengine kwa muda wa wiki nzima na zaidi.

Wala jambo hili halihusu miti tu. Mapema Oktoba 2013, magharibi ya South Dakota, maelfu kwa maelfu ya ng'ombe walikufa kwa dhoruba iliyowakuta wangali katika malisho ya kiangazi, wamelowa mvua, na manyoya ya baridi hayajaota.

Hivyo makala yastahili kuwapo, ijapokuwa si makala yoyote. Ile inayohesabu sentimita na nyumba zilizokosa umeme, kisha ikanyamaza juu ya joto la ziwa na hali ya miti, ni habari ya gazeti iliyovikwa joho, na mhariri afanya vyema kuirudisha. Tena haifai kuandikwa kesho yake. Bustani za Buffalo zilizobuniwa na Frederick Law Olmsted katika karne ya 19 zilipoteza miti mingi usiku ule, na kwa miaka mingi baadaye wakazi wa kujitolea walikuwa wangali wakichimba mashimo na kupanda mingine.