Samansi isomwe na anayeshtakiwa

Huku Pwani tukizungumzia haki mahakamani, macho yetu yote huwa kwa hakimu. Mimi nilianza kazi nikiwa karani wa daraja la chini katika masjala ya kesi za madai, mahakama moja ya Bonde la Ufa, pande za Nakuru. Nilichokiona pale ni kwamba mnyonge anaweza kushindwa kesi kabla hakimu hajaijua sura yake.

Kazi yenyewe haikuwa na makuu. Kupokea hati, kugonga muhuri, kuandika nambari ya kesi, kutafuta faili kwenye rafu na kuyapeleka majalada kwa hakimu kabla ya saa tatu. Kutoa ushauri wa kisheria kulikatazwa, na kwa sababu nzuri, maana karani hatakiwi kuegemea upande wowote.

Siku moja alikuja mama mmoja mkulima, karatasi imekunjwa ndani ya leso. "Kijana wangu, hebu nisomee, hii inasema nini?" Ilikuwa samansi ya deni, imeandikwa kwa Kiingereza. Ilimtaka awasilishe hati ya kufika kortini ndani ya siku 15. Yeye alikuwa ameiweka nyumbani wiki tano, akingoja mwanawe aje kutoka mjini amsomee. Nilipofungua faili, hukumu ya upande mmoja ilikuwa imeshaandikwa.

Wengi hawajui kwamba katika deni la kiasi kinachojulikana, hukumu ya namna hiyo yaweza kuandikwa na msajili, au ofisa mtendaji wa mahakama, bila kusikiliza shahidi hata mmoja. Mdai huomba kwa maandishi, siku zikiwa zimepita, basi. Baada ya hapo ni madalali mlangoni. Njia ya kuomba hukumu itenguliwe ipo, lakini inataka maombi, kiapo, ada, na mara nyingi wakili.

Tangu Machi 2024 Mahakama ya Kenya imepeleka mfumo wa kuwasilisha kesi kwa mtandao nchi nzima. Naupongeza. Nimewahi kutafuta jalada tangu asubuhi hadi adhuhuri, na faili la kompyuta haliliwi na mchwa. Lakini asiyekuwa na kompyuta sasa anaipitia kaunta nyingine, ile ya saiba, na huko nako hulipa. Na samansi ikitumwa kwa simu badala ya karatasi, bado ni ya Kiingereza.

Hapa ndipo penye kasoro. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na pia ni lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Kifungu cha 48 kinaitaka serikali ihakikishe kila mtu anaifikia haki. Hata Sheria ya Mwenendo wa Madai inakitambua Kiswahili katika mahakama za chini. Kwa hivyo mlango uko wazi, hatujaingia tu.

Ninachopendekeza hakihitaji bajeti kubwa. Ukurasa wa kwanza wa kila samansi uwe na maelezo mafupi ya Kiswahili: umeshtakiwa na nani, kwa jambo gani, ujibu kabla ya tarehe ipi, usipojibu kutatokea nini. Karani apewe ruhusa na mafunzo ya kumweleza mtu utaratibu, bila kumshauri juu ya kesi yake.

Kila kituo cha mahakama kina kamati ya watumiaji wa mahakama. Wazee wetu, maimamu na vijana wa Kwale, Kilifi, Lamu na Mombasa walipeleke jambo hili huko. Na wewe msomaji, ukiletewa karatasi yenye muhuri wa korti, usiiweke chini ya godoro. Itafutie msomaji siku hiyo hiyo, maana siku 15 si nyingi.

Yule mama nilimwelekeza kwa ofisa mtendaji. Aliondoka akiikunja tena karatasi yake, na mimi nikaita anayefuata.