Amonia Isiyo na Kikomo Isipewe Bandari

Mwaka 2018 wanasayansi waliochunguza takwimu za setilaiti walitangaza vitovu 248 vya amonia duniani. Kimoja tu ndicho cha asili, nacho ni chetu: Ziwa Natron, ambako tope la magadi hukauka na kufukiza gesi hiyo. Vingine vyote ni kazi ya mikono ya watu, kuanzia mabanda makubwa ya mifugo hadi viwanda vya mbolea. Basi asije mtu akatuambia haya ni maumbile, tuvumilie.

Harufu kali ndiyo madhara yake madogo. Ikipanda hewani, amonia hushikana na tindikali zitokanazo na moshi wa magari, viwanda na meli, zikawa chembechembe laini mno ambazo pua haizizuii. Hizo huzama hadi kwenye mapafu, na ndizo zinazoua.

Mkulima anayekuzia mahindi kwa kumwaga urea juu ya udongo, jua likawaka, huona mbolea aliyoinunua kwa jasho ikipotea hewani kama amonia. Kwake dawa ni kuifukia, na anayestahili kuulizwa ni bwana shamba ambaye hajawahi kufika kumwelekeza. Lawama yangu ni kwa wanaotoa vibali. Serikali ya Uholanzi ilikuwa ikiruhusu shughuli mpya, mabanda yakiwemo, kwa ahadi kwamba naitrojeni inayotoka humo, amonia ikiwemo, ingepunguzwa baadaye. Mei 2019 mahakama yao ya juu ya utawala ikaukataa mpango huo: ahadi ya kesho haihalalishi uchafu wa leo.

Na sasa ahadi ileile inaletwa baharini. Shirika la Kimataifa la Bahari, IMO, linataka meli ziache kuchafua tabianchi ifikapo 2050 au karibu na hapo, na amonia inasifiwa kama mafuta yasiyo na kaboni. Machi 2024, bandarini Singapore, meli Green Pioneer iliitumia pamoja na dizeli. Lakini injini haiunguzi yote. Sehemu hutoka dohani ikiwa mbichi. Kanuni za kimataifa za moshi wa meli zina kikomo cha salfa na cha oksidi za naitrojeni. Cha amonia hazina!

Tunajua kungoja kunagharimu nini. Kanuni hizo zilianza kazi mwaka 2005 zikiruhusu salfa ya asilimia 4.5 katika mafuta. Ikachukua hadi 2020 kufika asilimia 0.5. Miaka 15 watoto wa mitaa ya bandarini, Kurasini na Likoni, wamevuta moshi huo, na hakuna aliyewaomba radhi.

Tanzania na Kenya ni wanachama wa IMO. Wajumbe wetu wadai kikomo cha amonia dohani kabla injini za amonia hazijazagaa, wadai vipimo vya hewa katika kila bandari itakayopokea meli zenye injini hizo, na mamlaka za bandari zikatae kuijaza amonia meli yoyote isiyoonyesha kiasi inachotoa.