UCHAMBUZI: Ardhi ya Tala yauzwa, vijana wasalia wapangaji

YEYOTE anayesafiri kwa matatu kutoka Nairobi kupitia barabara ya Kangundo hulakiwa na mabango ya kuuza ploti tangu Ruai, Kamulu, Joska na Malaa hadi mjini Tala, mwendo wa takriban kilomita 55. Mengi hutangaza kipande cha futi 50 kwa 100, hatimiliki ikiwa tayari na malipo yakikubaliwa kwa awamu.

Wanaovutiwa na mabango hayo aghalabu ni wafanyakazi wa jijini na Wakenya walio ughaibuni. Kijana aliyezaliwa papa hapa Matungulu, anayeendesha bodaboda au kuuza mboga sokoni Tala, huyapita kila siku bila kuyatazama mara mbili. Hulala katika chumba cha kupanga ilhali babake ana nyumba ya mawe na shamba kilomita chache kutoka hapo.

Hapo ndipo mvutano baina ya vizazi unapoanza. Wazee hudai kwamba vijana wa leo hawataki kutoka jasho, na huwakumbusha kuwa mtaka cha mvunguni sharti ainame. Vijana nao huwashutumu wazee kwa kuuza urithi. Kabla ya kuamua nani mkosaji, ni vyema tuchunguze jinsi wazee hao walivyozipata nyumba zao.

Matungulu na Kangundo ni maeneo ya kahawa. Baridi kali ilipoharibu mibuni ya Brazil mnamo 1975, bei ilipaa katika soko la dunia, na miaka ya 1976 na 1977 ikawa ya neema kwa mkulima wa Kenya. Pesa za kahawa zililipa karo, zikanunua mawe, saruji na mabati. Ardhi ya kujengea haikununuliwa. Ilitoka kwa baba na babu. Mzee alihitaji kugharimia kuta na paa pekee.

Wenzao waliohamia Nairobi nao walishikwa mkono. Mtaa wa Umoja ulijengwa kwa msaada wa Marekani. Huko Dandora, Benki ya Dunia ilifadhili kuanzia 1975 mradi wa kugawa ploti zilizowekewa maji na mabomba ya majitaka, mwenyewe akajenga kadiri ya uwezo wake. Mtu wa kipato cha chini aliweza kuwa na mlango wake mwenyewe.

Mambo yaligeuka. Mnamo Julai 1989, mfumo wa kugawa viwango vya mauzo chini ya mkataba wa kimataifa wa kahawa uliporomoka, na bei ikaporomoka nao. Ujenzi wa nyumba za umma nao ulififia. Mkulima aliyezeeka bila pensheni akabaki na mali moja tu, yaani shamba. Nairobi ilipotanuka kuelekea mashariki, shamba hilo likawa na thamani kubwa zaidi kwa dalali kuliko kwa mwenye jembe.

Kwa hivyo, si haki kusema kuwa kila mzee anayeuza ni mroho. Mpango wa Inua Jamii huwapa waliofikisha umri wa miaka 70 Sh2,000 kwa mwezi. Kiasi hicho hakiwezi kulipa gharama ya hospitali. Ploti moja huweza.

Hata hivyo, hesabu ni kali. Tuchukue mfano wa mzee mwenye ekari nne na watoto watano. Akiuza ekari mbili, kila mtoto atarithi chini ya nusu ekari. Kipande hicho hakitoshi kulisha familia, lakini chatosha kabisa kujenga nyumba. Tatizo la vijana wengi wa Tala, basi, si ukosefu wa mahali pa kujenga. Wanakosa mambo mawili: hati yenye jina lao na mtaji.

Hati nyingi zingali katika jina la baba, au hata la babu aliyefariki zamani bila familia kushughulikia mirathi. Benki haiwezi kumkopesha kijana kwa hati ya marehemu. Mabinti wameumia zaidi, ingawa sheria ya urithi iliyoanza kutumika 1981 haiwabagui watoto kwa misingi ya jinsia.

Kuhusu mtaji, nchi yenye watu zaidi ya milioni 47 kwa mujibu wa sensa ya 2019 ina mikopo ya nyumba ya benki ipatayo 30,000 pekee, na wastani wa mkopo mmoja unapita Sh9 milioni. Hizo si pesa za mwendeshaji bodaboda.

Serikali imejibu kwa ushuru wa nyumba. Mahakama Kuu iliubatilisha mnamo Novemba 2023, mojawapo ya sababu ikiwa ni kuwabagua wenye ajira rasmi. Ulirejeshwa kwa sheria mpya Machi 2024, mfanyakazi akikatwa asilimia 1.5 ya mapato yake na mwajiri kuchangia kiwango sawa. Sheria hiyo inatambua nyumba nafuu za mashambani, lakini juhudi zimeelekezwa zaidi kwa majumba ya ghorofa mijini. Mwalimu kijana wa Tala hukatwa kila mwezi kugharimia ghorofa asiyoihitaji, huku kipande cha babake kikiwa kitupu.

Sehemu ya ushuru huo yafaa itolewe kama mikopo midogo ya kujenga kwenye ardhi ya familia, kama Dandora ilivyothibitisha kuwa yawezekana. Kaunti ya Machakos nayo ipeleke maji na barabara kabla ya mashamba kukatwakatwa. Bodi za kusimamia ardhi, ambazo sharti ziidhinishe kila mauzo ya shamba, zimuulize muuzaji watoto wake watajenga wapi.

Wazee nao wagawe na kuandikisha mirathi wakiwa hai. Walipata pa kuanzia bila kununua. Kumwambia kijana ajitahidi kama wao, huku pale pa kuanzia pakiuzwa, ni kumpa kazi ambayo wao wenyewe hawakupewa.