Kionjo cha Filamu na Lundo la Nafaka



Ndugu msomaji, katika nyumba zetu nyingi leo, uamuzi wa filamu ipi watoto waitazame huchukuliwa kwa dakika mbili. Mtoto huleta simu na kuonyesha trela. Mzazi hutupa jicho huku mkono ukiwa katika shughuli nyingine, haoni ubaya, husema "haya". Safu ya wiki hii inazihusu dakika mbili hizo: hutengenezwaje, na humwambia mzazi nini.

Jina lenyewe lina kichekesho. Trela, mfano wa ile inayokokotwa na lori, ni kitu kinachofuata nyuma. Ndivyo ilivyokuwa huko Marekani katika miaka ya 1910: matangazo haya yalionyeshwa baada ya filamu kwisha. Watazamaji walikuwa wakiinuka na kwenda zao, basi yakahamishiwa mbele, na jina likabaki lilelile. Siku hizi kazi hii hupewa mafundi maalumu, na mara nyingi aliyeiongoza filamu siye aliyeikata trela yake. Kwa hiyo tunachoonjeshwa hakikupakuliwa na mpishi. Kimepangwa na muuzaji.

Tuanze na muziki, maana ndio wenye nguvu kuliko vyote. (Hukumu ya muziki wenyewe wanazuoni wameizungumza kwa kirefu, na hapa si mahali pake.) Wengi hudhani wanachokisikia katika trela ni muziki wa filamu hiyo. Aghalabu sivyo. Muziki wa filamu huandikwa mwishoni, ilhali trela hutangulia kwa miezi, kwa hiyo muziki wake huazimwa au hutungwa mbali. Mwaka 2002, filamu ya The Two Towers, yenye wafalme, mapanga na majeshi, ilitangazwa kwa muziki uliotoka katika Requiem for a Dream, filamu ya mwaka 2000 kuhusu watu wanaoangamia kwa dawa za kulevya. Muziki ule ulipangwa upya kwa okestra na kwaya, na watazamaji wakasisimkwa na vita ambavyo havikuwa vimemsisimua mtunzi wake hata kidogo. Hisia ile haikuchimbuka katika kisa. Ilimiminwa juu yake.

Tena kuna ufundi wa kimya. Sauti hupanda, picha hukimbizana, ghafla kila kitu hunyamaza, halafu kishindo. Baada ya trela za Inception mwaka 2010, mvumo mmoja mzito, kama baragumu ya meli, uliigwa katika trela nyingi kwa miaka kadhaa. Moyo wa mtoto hudunda kwa mvumo ule kabla hajajua kisa kinamhusu nani.

Kuhusu ukataji wa picha, sijui mfano ulio wazi kuliko kazi ya Robert Ryang, mhariri wa picha wa New York. Mwaka 2005 alichukua The Shining, filamu ya kutisha ya mwaka 1980 ambamo baba anapatwa na wazimu na kumwinda mkewe na mwanawe kwa shoka. Alichagua vipande ambavyo baba anatabasamu na mtoto anacheza, akaweka wimbo mchangamfu na sauti ya msimulizi mpole. Ikatoka trela ya filamu ya familia, ya baba na mtoto wanaojifunza kupendana! Picha zote zilikuwa za kweli, na hakuna hata moja iliyoghushiwa. Uongo ulikaa katika mpangilio.

Ryang alikuwa akifanya mzaha. Kangaroo Jack ya mwaka 2003 haikuwa mzaha. Trela yake ilimnadi kangaruu anayeongea na kuimba, na familia zikaenda na watoto wao hadi filamu ikaongoza mauzo ya wiki yake ya kwanza Marekani. Ndani walikuta kisa cha vijana wawili wanaopeleka fedha za wahalifu Australia. Kangaruu huongea katika ndoto ya mmoja wao, na maneno machache mwishoni.

Maandishi nayo yana hila zake. Hutokea maneno mawili matatu juu ya giza, moja baada ya jingine, ili jicho lisubiri. "Kutoka kwa watengenezaji wa" filamu fulani mashuhuri huenda ikawa ni mfadhili mmoja tu kati ya wengi. Wazazi wazijuao trela za Marekani wamekiona pia kibao cha kijani mwanzoni. Hicho huidhinisha trela, hakiidhinishi filamu. Filamu ya watu wazima hukatiwa kionjo kisafi na kupewa kibao hicho.

Katika Sahihi Muslim imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alipita sokoni kwenye lundo la nafaka, akaingiza mkono ndani, vidole vikagusa unyevu. Muuzaji alieleza kuwa mvua iliinyeshea. Mtume akamuuliza kwa nini hakuiweka iliyolowa juu watu waione, na akawakana wanaoghushi. Nafaka ya juu ilikuwa nafaka halisi, kavu, wala muuzaji hakutamka uongo wowote. Nadhani trela nyingi ni lundo lile. Hata mahakama ya shirikisho Marekani, katika shauri la trela ya filamu ya Yesterday iliyomwonyesha mwigizaji ambaye ndani ya filamu hayumo, iliamua Desemba 2022 kuwa trela ni tangazo la biashara na inaweza kushitakiwa kwa udanganyifu.

Mkono wa mzazi nao una pa kupenya. Kwanza, itafuteni daraja ya filamu yenyewe: Kenya, Bodi ya Uainishaji wa Filamu hutumia GE, PG, 16 na 18, hapa Tanzania kazi hiyo ni ya Bodi ya Filamu. Pili, mkae na watoto muitazame trela mara mbili, mara ya kwanza mkiwa mmezima sauti. Waulizeni wameona nini. Kisha fungueni sauti, muulizane nini kimebadilika. Mtoto wa miaka tisa akifanya hivyo mara chache, huanza mwenyewe kusema: "Hapa wamenyamaza ili tushtuke."