Mboga gilasini si kosa, kosa ni kumficha mtoto

Mpenzi msomaji, ikiwa una mtoto wa kati ya miaka miwili na sita nyumbani mwako, huna haja ya kusimuliwa vita vinavyozuka mezani kila sukuma wiki inapopakuliwa. Mtoto hufumba mdomo kana kwamba umetiwa kufuli. Ukimbembeleza, huitia mboga mdomoni na kuihifadhi shavuni nusu saa nzima. Ukimfokea, huitema. Ukimwahidi peremende, hula majani mawili na kuidai peremende yake papo hapo. Mwishowe wewe uliyerudi kutoka kazini ukiwa hoi huamua kumpa wali na supu tu, ili amani irejee.

Akina mama wengi wa mjini siku hizi wamepata silaha mpya katika vita hivi, nayo ni blenda. Embe, ndizi na majani machache ya spinachi hutiwa humo, kidude hubonyezwa, na baada ya dakika moja mtoto hupewa gilasi ya juisi nzito na tamu, asijue kwamba ameshakunywa mboga. Mama naye hubaki jikoni akicheka chinichini.

Nami nilikuwa mmoja wao. Leo nataka kukueleza jinsi hila hiyo ilivyonitokea puani na jinsi tulivyojirekebisha, kwa maana juisi yenyewe haina ubaya. Ubaya uko kwingine.

Ilikuwa siku ya Jumanne jioni. Nilikuwa nimezoea kuficha karoti ndani ya juisi ya embe, kwa kuwa rangi zao zinakaribiana na hakuna anayetambua. Siku hiyo nilijiona bingwa, nikatia nusu ya bitiruti pamoja na ndizi na pasheni. Juisi ilitoka na rangi nyekundu ya kupendeza. Kitinda mimba wangu, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka mitano, aliimaliza gilasi nzima na kuomba nyingine. Aliponiuliza ni juisi ya nini, nilimjibu bila kupepesa jicho, "Ni ya matunda tu, mwanangu." Sikumwambia yaya. Sikumwambia hata baba watoto.

Siku ya pili, saa nne asubuhi, simu ililia nikiwa kazini. Alikuwa yaya, na sauti yake ilikuwa ikitetemeka. "Mama, njoo haraka! Mtoto anakojoa damu!"

Sijui nilivyoshuka ngazi. Niliwakuta hospitalini, mtoto amekaa kwenye benchi akichezesha miguu kama asiye na neno, yaya akijifuta machozi. Daktari alimpapasa tumbo, akauliza kama ana homa au kama huhisi uchungu akikojoa. Hapana. Kisha akanigeukia. "Mama, jana huyu mtoto alikula nini?"

Hapo ndipo nilipokumbuka. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. "Daktari, nilimtilia bitiruti kwenye juisi," nilisema, huku yaya akinitazama kwa macho ambayo sitayasahau.

Daktari alitabasamu, lakini aliagiza mkojo upimwe vilevile. Haukupatikana na damu. Alinieleza kwamba rangi ya bitiruti hupita mwilini mwa baadhi ya watu na kutokea kwenye mkojo au choo, na kwamba haina madhara yoyote. Hata hivyo, mpenzi msomaji, usije ukachukulia kila wekundu kuwa ni wa bitiruti. Ikiwa mtoto hakuila, au ikiwa ana homa au maumivu, au rangi hiyo haikwishi kwa siku moja au mbili, mpeleke kwa daktari bila kuchelewa.

Nilidhani mambo yameishia hapo. Kumbe mtoto alikuwa amekaa mapajani pangu akisikiliza kila neno. Tulipokuwa ndani ya matatu tukirudi nyumbani aliniuliza, "Mama, kwani ulisema ni matunda tu?" Sikuwa na jibu.

Tangu siku hiyo akawa ananusa kila kitu. Uji alinusa, maziwa alinusa, hata embe lililokatwa mbele yake alilipindua akitafuta kilichofichwa. Kwa takriban mwezi mzima hakunywa juisi iliyotoka mkononi mwangu, ingawa nyanya yake alipomtengenezea aliinywa bila swali. Mtoto aliyekuwa akikataa mboga peke yake, sasa alikuwa amekataa mboga na matunda pia. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, na yangu haikufika hata Alhamisi.

Kisa hiki kilinifunza mambo mawili. La kwanza ni kuwa siri ya jikoni si ya mtu mmoja. Yaya, baba, nyanya na yeyote anayebaki na mtoto sharti ajue alichokula. Kama yaya angejua, angenipigia simu tukacheka. Na mtoto ambaye mwili wake hukataa chakula fulani aweza kudhurika vibaya ikiwa chakula hicho kimefichwa ndani ya kingine.

La pili ni kubwa zaidi. Mtoto anayekunywa mboga bila kujua hajifunzi kula mboga. Anachojua ni embe. Wataalamu wa lishe ya watoto husema kuwa kuogopa vyakula vigeni ni jambo la kawaida katika umri huo, na kwamba ulimi huzoea polepole. Mara nyingi mtoto huhitaji kuonjeshwa chakula kilekile mara nane hadi kumi na tano, kidogo kidogo na bila kulazimishwa, kabla hajakikubali. Wengi wetu hukata tamaa baada ya mara ya tatu, tukatangaza mbele ya wageni, "Huyu wangu hali mboga." Mtoto akisikia hivyo, naye huishika sifa hiyo kama cheo.

Hebu fikiria siku za usoni. Mtoto huyo ataenda kwa nyanya yake mashambani na kuandaliwa managu na kunde. Ataingia shule ya bweni, ambako sukuma wiki haiulizi kama unaipenda. Nanyi wanafunzi wa vyuo mnaosoma ukurasa huu mnajua ninachosema. Wapo miongoni mwenu wanaoishi kwa chipsi, smoki na soda kutoka Jumatatu hadi Jumapili, si kwa sababu mboga ni ghali, bali kwa sababu hawakuwahi kuzoea ladha yake. Fungu la sukuma wiki kwa mama mboga aghalabu ni nafuu kuliko sahani ya chipsi.

Je, nasema tutupe blenda? La hasha! Juisi yenye mboga ina faida zake. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2023, linapendekeza mtoto wa miaka 2 hadi 5 apate angalau gramu 250 za mboga na matunda kwa siku, wa miaka 6 hadi 9 apate gramu 350, na kuanzia miaka 10 apate gramu 400. Kwa mtoto anayefumba mdomo, gilasi moja husaidia kuziba pengo.

Isitoshe, mchanganyiko huo una hekima yake. Madini ya chuma yaliyomo katika mboga za majani huingia mwilini kwa shida, lakini vitamini C ya machungwa, mapera au pasheni huyasaidia kuingia. Chai hufanya kinyume, ndiyo maana si vyema kumpa mtoto chai pamoja na mlo wake wa mboga. Nayo vitamini A inayopatikana kutokana na karoti na sukuma wiki huhitaji mafuta kidogo, na hapo kipande cha avokado hufanya kazi nzuri, mbali na kuifanya juisi iwe laini.

Tulichobadilisha nyumbani kwangu ni jambo moja tu. Tuliacha kuficha. Nilimwomba mwanangu msamaha, naam, mtoto wa miaka mitano, nikamwambia, "Nilikosea kukudanganya. Leo wewe ndiwe mpishi." Tulienda pamoja kwa mama mboga, akachagua mwenyewe majani mawili ya sukuma wiki. Aliyaosha huku akilowesha kila kitu jikoni. Alipanda kwenye kiti, nami nikiwa nimemshika, akabonyeza kidude cha blenda. Juisi ilipogeuka kutoka manjano ikawa kijani, alipiga kelele za furaha, akaipa jina la "juisi ya kinyonga." Siku hiyo alionja vijiko viwili. Baada ya wiki mbili alikuwa akinywa gilasi yake na kuwaeleza watoto wa jirani kilichomo.

Kadhalika, kila juisi ilipotengenezwa, jani moja lilibaki, likapikwa na kuwekwa kwenye sahani yake. Akila, sawa. Akiacha, hakuna aliyesema neno. Siwezi kukudanganya kwamba sasa anaililia sukuma wiki. Lakini anaila, na hanusi tena.

Ukitaka kujaribu, haya ndiyo tunayotumia kwa watoto wawili: embe moja bivu, ndizi moja, majani mawili ya sukuma wiki yaliyoondolewa uti wa kati, robo ya avokado, maji ya chungwa moja na nusu kikombe cha maji yaliyochemshwa yakapoa. Saga majani na maji kwanza hadi yalainike kabisa, kisha ndipo utie matunda. Wakati ambapo embe si la msimu, tumia nanasi au papai. Anza na nusu jani ikiwa mtoto ni mgeni wa jambo hili, uongeze pole pole. Haba na haba hujaza kibaba.

Kuna mambo kadhaa ya kuzingatia. Osha mboga vizuri kwa maji safi yanayotiririka, kwani baadhi ya mboga zinazouzwa jijini hukuzwa kwa maji ya mito michafu na hata maji taka. Mimi huyachovya majani katika maji yanayochemka kwa dakika moja kabla ya kuyasaga, na karoti na bitiruti huzichemsha. Blenda nayo ioshwe mara tu baada ya kutumika, hasa pale chini penye visu.

Usisage mbichi kila jani unaloliona sokoni. Managu na kisamvu ni mboga za kupikwa, kwani zikiwa mbichi huwa na sumu ya asili. Sukuma wiki ni bora hata kuliko spinachi, kwa kuwa spinachi ina kemikali zinazouzuia mwili kuipata kalisi yake, ilhali sukuma wiki ina chache sana.

Usiichuje juisi hiyo, kwani chujio huondoa nyuzinyuzi ambazo ni nzuri kwa tumbo la mtoto. Ikiwa umetumia pasheni, chuja mbegu zake peke yake kwanza. Usitie sukari, maana matunda yana utamu wa kutosha. Gilasi moja ndogo, kama mililita 150, yatosha kwa siku. Mtoto ainywe wakati wa chakula na kuimaliza, wala asitembee na chupa akifyonza kutwa, kwani meno yataharibika. Na mtoto ambaye hajafikisha mwaka mmoja asipewe juisi wala asali. Mtoto chini ya miezi sita anahitaji maziwa ya mama pekee, na baada ya hapo aanze vyakula laini vilivyopondwa.

Na je, wewe usiye na blenda, au ambaye stima imepotea jioni hiyo? Usisikitike. Ponda ndizi na avokado kwa uma, ukwaruze karoti iliyochemshwa na kuichanganya humo, umpe mtoto kwa kijiko. Au chemsha malenge, uyaponde na kuukandia unga wa chapati. Bado sijaona mtoto aliyekataa chapati ya malenge. Lakini hata hapo mwonyeshe malenge kwanza. Mwache ashangae jinsi chapati inavyogeuka manjano.

Mpenzi mzazi, samaki mkunje angali mbichi. Mtoto huyu tunayemlisha leo kesho atajipakulia mwenyewe, mbali na macho yetu. Wakati huo hatakuwepo mtu wa kumfichia jani ndani ya embe. Atakachokuwa nacho ni ulimi uliozoea, na kumbukumbu kwamba chakula cha mama yake hakikuwa na mtego ndani yake.

Jumapili hii basi, kabla hujabonyeza kidude, mwite mwanao jikoni. Mpe jani alishike, alinuse, alitie mwenyewe. Na akikuuliza, "Mama, ni nini hiki?" mwambie ukweli.