Kutuma kazi kwenye seva si lazima kuokoe betri

Ukimwuliza mtengenezaji wa programu za simu namna ya kuokoa betri, mara nyingi atakujibu: kazi nzito itume kwenye seva. Simu ipumzike, mashine kubwa ipige hesabu, jibu lirudi. Mimi naona hiyo ni nusu ya habari tu.

Ndugu msomaji, kutuma nako ni kazi. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Massachusetts Amherst walipima simu kwenye mtandao wa 3G, wakaona kwamba data ikishamaliza kupita, redio ya simu hubaki macho kwa takriban sekunde 12 zaidi ikila umeme bure. Basi programu inayotuma ujumbe mdogo kila nusu dakika itamaliza betri hata kama ujumbe wenyewe haufiki kilobaiti moja. Afadhali ukusanye kumi utume kwa mkupuo.

Cha kuangalia ni uwiano: hesabu ni kubwa kiasi gani, na data ya kutuma ni nyingi kiasi gani? Chukua sataranji. Ubao mzima na kete zake unaelezeka kwa baiti zisizofika 100, lakini kutafuta hatua nzuri huenda kukahitaji mamilioni ya hesabu. Hiyo tuma bila wasiwasi! Lakini picha ya megabaiti 4 unayotaka kuipunguza ukubwa, kuituma kwa seva ni uharibifu. Simu ingeimaliza yenyewe kitambo.

Tena mtandao haukai pamoja. MAUI, mfumo wa majaribio wa mwaka 2010 ambao watafiti wa Microsoft walishiriki kuutengeneza, uliamua wakati programu inaendelea kama kazi ibaki au iende, kulingana na hali ya mtandao wakati huo. Hapa kwetu wengi bado tunaandika "tuma kwa seva" mara moja, tunajaribu kwa Wi-Fi ya ofisini Nairobi, basi tumemaliza. Mtu aliye mbali na mnara, simu yake inalazimika kupaza sauti ili isikike, na kupaza huko ni umeme. Kama nyumbani hana stima, analipa mara mbili: bando, halafu pesa za kuchajiwa simu dukani.

Kwa hivyo programu ikiniletea "inahitaji intaneti" kwa kazi ambayo simu ingeiweza, naifuta. Na wewe unayeiandika, zima Wi-Fi, panda matatu utoke mjini, kisha uangalie betri.