Mgeni Njoo, Nani Apone?

Wahenga walipolonga kwamba mgeni njoo mwenyeji apone, hawakuwa na habari za mji wa Karlovy Vary katika Jamhuri ya Cheki. Huko mgeni ndiye ajaye kupona, naye mwenyeji humngoja kwa taulo, kikombe na hati ya malipo. Chemchemi kuu ya mji huo, iitwayo Vřídlo, hurusha maji yenye joto la nyuzi 73 hadi kimo cha mita 12 hivi. Kwa karne nyingi wagonjwa wa tumbo na ini wamekuwa wakitembea taratibu katika baraza zenye nguzo ndefu, wakifyonza maji hayo ya chumvichumvi kupitia mkono wa kikombe kilichotengenezwa makusudi kwa kazi hiyo. Mwaka 2021 shirika la UNESCO liliorodhesha miji 11 ya aina hii, katika nchi saba za Ulaya, kuwa urithi wa dunia. Karlovy Vary imo, kadhalika Baden-Baden ya Ujerumani, Vichy ya Ufaransa, Bath ya Uingereza, na Spa ya Ubelgiji, mji ambao jina lake limegeuka kuwa nomino ya kawaida duniani kote.

Nomino hiyo imetufikia hata sisi, na inatutatiza. Kiswahili kina hamamu, neno la asili ya Kiarabu ambalo mtaa wa Hamamni katika Mji Mkongwe wa Unguja ungali unalihifadhi. Lakini hamamu ni mahali pa kuoga na kutakata, si pa kutibiwa. Tuna majimoto pia, neno lililozaa majina ya mahali Kenya na Tanzania. Katika makala haya nitasema majimoto ya tiba, kwa kuwa tofauti baina ya kuoga na kutibiwa si ya wanaleksikografia peke yao. Barani Ulaya tofauti hiyo ndiyo inayoamua ni nani atakayelipa.

Msomaji wa fasihi ya Ulaya hukutana na majimoto haya mara kwa mara. Goethe alizuru Karlovy Vary mara 13. Karl Marx, ambaye kwa miaka mingi alitegemea fedha za rafiki yake Engels, alikwenda huko kutibiwa ini mwaka 1874, 1875 na 1876, akaketi miongoni mwa mabepari wale wale aliokuwa akiwaandikia mashtaka. Chekhov, aliyekuwa tabibu kabla ya kuwa bingwa wa hadithi fupi, alifariki mwaka 1904 katika mji wa majimoto wa Badenweiler huku kifua kikuu kikiwa kimemmaliza. Fasihi hii inavutia, ila ina kasoro moja: ni fasihi ya wenye nauli. Mchota maji, mfua mashuka na mpishi wa hoteli huonekana kwa nadra, na aghalabu hawana majina.

Bima ndiyo iliyobadilisha mambo. Tangu sheria ya Bismarck ya mwaka 1883, iliyowawekea wafanyakazi wa Ujerumani bima ya ugonjwa, fikra kwamba tiba ni haki ya mchangiaji ilienea polepole hadi ikayafikia hata majimoto. Leo nchini Ufaransa daktari akimwandikia mgonjwa wa baridi yabisi majimoto ya tiba, mgonjwa huyo hupewa siku 18 za matibabu, na bima ya taifa hulipa asilimia 65 ya gharama za tiba yenyewe. Wapo wanaocheka mpango huu wakisema kwamba bima inawalipia wazee likizo. Binafsi sicheki sana. Mzee ambaye magoti yamekataa kupanda ngazi, akipata majuma matatu ya maji ya moto, matope na mazoezi chini ya jicho la tabibu, hajapewa anasa. Ninachokishuku ni yale majumba mapya yanayojiita ya tiba ilhali biashara yake ni sindano za kunyoosha makunyanzi. Hayo nayaacha, kwa sababu anayeyaendea hulipa kwa mfuko wake.

Swali zito ni hili: mchangiaji akivuka mpaka, je, haki yake huvuka naye? Kwa muda mrefu jibu lilikuwa la mzunguko. Kisha tarehe 28 Aprili 1998 Mahakama ya Haki ya Ulaya ilitoa hukumu mbili kwa siku moja. Katika kesi ya Decker, mkazi wa Luxembourg alikuwa amenunua miwani mjini Arlon, ng'ambo ya mpaka wa Ubelgiji, bila idhini ya bima yake. Katika kesi ya Kohll, mzazi alitaka meno ya bintiye yanyooshwe mjini Trier, Ujerumani, akanyimwa idhini. Mahakama iliamua kwamba miwani ni bidhaa na tiba ni huduma, na kwa hiyo kanuni za soko huria la Ulaya zinazihusu zote mbili. Tazama, msomaji, mlango ulivyofunguliwa: mgonjwa aliingia kwa jina la mnunuzi.

Majimoto nayo yalipata kesi yake. Mtumishi mmoja wa umma wa Ujerumani alitaka kwenda kutibiwa kwenye kisiwa cha Ischia, Italia. Kanuni za nchi yake zilidai kwanza ripoti ya tabibu ithibitishe kwamba majimoto ya Ischia yalikuwa ya lazima kabisa, kwa kuwa uwezekano wa kupona huko ulikuwa mkubwa zaidi kwa mbali kuliko Ujerumani. Ni nani awezaye kuthibitisha kwamba maji ya Italia ni bora kwa mbali kuliko maji ya Ujerumani? Tarehe 18 Machi 2004 mahakama ilisema kwamba sharti hilo linakiuka uhuru wa huduma. Miaka miwili baadaye, tarehe 16 Mei 2006, ikaja hukumu ya kesi ya Watts. Ajuza mmoja wa Uingereza, aliyechoka kungoja zamu ya kuwekewa nyonga bandia, alikuwa amekwenda Abbeville nchini Ufaransa mwaka 2003, akafanyiwa upasuaji na kulipa pauni 3,900. Mahakama iliamua kwamba foleni peke yake haitoshi kuwa sababu ya kumnyima mtu idhini. Lazima hali ya mgonjwa mwenyewe ipimwe. (Uingereza imekwisha kujiondoa katika Umoja wa Ulaya, hivyo ajuza wa leo hawezi kuegemea Agizo nitakalolitaja hivi punde.)

Hukumu hizi na nyinginezo zilikusanywa katika Agizo la mwaka 2011 kuhusu haki za wagonjwa katika tiba ya kuvuka mipaka, ambalo nchi wanachama zilitakiwa kulitekeleza kufikia tarehe 25 Oktoba 2013. Kwa muhtasari, mgonjwa anaweza kwenda nchi nyingine ya Umoja, atibiwe, alipe, kisha arudi nyumbani na risiti. Bima yake itamrejeshea kiasi ambacho ingelilipa kama angelitibiwa nyumbani, wala si zaidi ya alichotumia. Kwa matibabu ya kulazwa usiku, au yanayohitaji mitambo ya gharama kubwa, nchi inaruhusiwa kudai idhini ya awali.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wale wanaolisifia Agizo hili bila kumumunya maneno. Chukua mfano wa kubuni. Mjerumani anayetaka meno bandia huvuka kwenda Sopron au Mosonmagyaróvár, miji ya Hungaria iliyo karibu na mpaka wa Austria, ambako madaktari wa meno ni wengi na Kijerumani kimezagaa hadi kwenye vibao vya barabarani. Bei ya huko ni nafuu, bima yake inakokotoa kwa viwango vya Ujerumani, naye anarudi akitabasamu. Sasa mgeuze mtu huyo awe Mbulgaria anayehitaji upasuaji Ujerumani. Tuseme upasuaji ni yuro 8,000, na nyumbani bima ingelilipa 2,000. Yuro 6,000 ni zake, na zile 2,000 sharti azitoe kwanza yeye ndipo azidai baadaye. Agizo ni moja na haki imeandikwa kwa herufi zile zile, lakini mmoja amepewa daraja na mwingine ameonyeshwa mto.

Nakiri kwamba kiwango hicho hakikuwekwa kwa ukatili. Lau bima ya nchi maskini ingelipa bei za nchi tajiri, hazina yake ingekauka na waliobaki nyumbani wangekosa hata dawa. Tena ipo njia ya pili, ya fomu iitwayo S2, ambayo bima ya nyumbani humlipia mgonjwa kwa viwango vya nchi anakotibiwa, bila yeye kutanguliza fedha nyingi. Lakini njia hiyo hupitia idhini, na idhini hupitia ofisi. Mwanamke mmoja wa Romania, aliyelazwa mwaka 2009 kwa ugonjwa wa moyo, alikuta hospitali imepungukiwa na dawa na vifaa vya msingi. Akaomba idhini, akakataliwa, akaenda Ujerumani kupasuliwa kwa gharama ya karibu yuro 18,000. Ilichukua hadi Oktoba 2014 mahakama kutamka kwamba upungufu wa vifaa vya msingi unaweza kuwa sababu halali ya kumpa mgonjwa idhini. Moyo wa mtu haungoji miaka mitano.

Suala la kutanguliza fedha halihitaji ufafanuzi mrefu kwa msomaji wa Kenya. Tunazijua kadi za harambee za kumpeleka mgonjwa India; tumezibeba mifukoni, tumeziona zikirudi na majina mengi na shilingi chache. Yule mzee wa kijijini kwetu aliyechangiwa hadi miezi ikapita alikuwa na rufaa ya daktari, pasipoti na viza. Kilichomkwamisha ni fedha za kutanguliza, na hakusafiri.

Kuna na suala la lugha, ambalo sisi wanafunzi wa lugha hatuwezi kulipita. Maumivu yana msamiati wake: kuna kuwanga, kuna kuchoma, kuna kunyonga, na mgonjwa asiyeweza kuyatenganisha mbele ya tabibu amekwisha kupoteza nusu ya tiba. Agizo halimlazimishi tabibu wa Karlovy Vary wala wa Sopron kusema lugha ya mgonjwa. Soko ndilo humlazimisha, na soko hujifunza lugha ya mwenye fedha. Hata hivyo, pana jambo moja dogo lililofanywa kwa busara. Kanuni za mwaka 2012 kuhusu cheti cha dawa kinachovuka mpaka zinataka dawa iandikwe kwa jina lake la kitaalamu la jumla badala ya jina la biashara, ili mfamasia wa nchi nyingine aitambue. Hiyo ni istilahi sanifu inayookoa maisha. Wanaotubeza kwa kuumiza vichwa juu ya istilahi na waisome kanuni hiyo.

Na tiba ya kurekebisha Agizo hili imo ndani yake. Kifungu cha 9 kinasema kwamba nchi zinaweza, zikipenda, kumpa mgonjwa makadirio ya maandishi ya kiasi atakachorejeshewa kabla hajasafiri, na kwamba zinaweza kulipana zenyewe, bima kwa bima, bila kupitia mfukoni mwa mgonjwa. Zinaweza. Waliotunga Agizo walikuwa na kitenzi kingine mkononi, maana vifungu vingi vya Agizo hilo hilo vimeandikwa kwa 'sharti'. Ningependa kumwona mbunge mmoja wa Bunge la Ulaya, hasa kutoka Bulgaria au Romania, akisimama na kalamu kudai kwamba katika kifungu hicho 'zinaweza' ifutwe na 'sharti' iandikwe mahali pake.